Upande wa Nyuzi Nene

...na swali lenyewe lilikuwa dogo, mtoto angelijibu huku anatafuna, nyuzi nene zikae upande gani, basi, fundi aliuliza hivyo tu, akasimama nyuma ya meza yake ya kazi ameshika ufito mwembamba wa mbao mkono mmoja na brashi ya gundi mkono wa pili, akimtazama, na Kinyume, mtu mzima na ndevu zake, mchora mabango ambaye mtaa mzima umejaa herufi zake, akabaki kwenye kigoda mdomo wazi kama aliyeulizwa jina la mama yake akalisahau, na kilichomkera ni kwamba jibu alikuwa nalo, alitoka nalo nyumbani asubuhi, alilifanyia mazoezi mbele ya kioo akipunguza ndevu, "Fundi, nitengenezee gitaa la mkono wa kushoto, la sahihi, kama la watu," na mkewe akapita nyuma yake na beseni la nguo akauliza, "Unaongea na nani huko, au ndiyo tumeshaanza kuzeeka?" na sasa jibu lenyewe haliendi mbele wala halirudi... "Usiwe na haraka, mzee wangu," fundi akasema, "lakini nikishabandika nimebandika," akachovya brashi kwenye kisufuria cha gundi kilichokuwa kikitoa mvuke juu ya jiko dogo la umeme, gundi ya zamani, ya ngozi, harufu yake nusu kiatu nusu supu, akaikoroga, akangoja, na mbele yake, umelala kifudifudi mezani, ulikuwa uso wa gitaa lenyewe, ubao wa msonobari mweupe, mwembamba kiasi kwamba muda mfupi uliopita aliuinua dirishani na kivuli cha vidole vyake kikaonekana upande wa pili, Kinyume akashtuka, ubao mwembamba hivyo utabebaje nyuzi sita zinazovutana usiku na mchana, fundi akacheka, akamwambia hiyo ndiyo kazi ya hizi fito, zinabandikwa kwa ndani na hakuna atakayeziona tena, ila hazikai sawasawa pande zote, upande wa nyuzi nene unaachiwa upumue na upande wa nyuzi nyembamba unashikwa kidogo, kwa hiyo lazima ajue sasa, si kesho, upande upi ni wa nani... na njia zilikuwa mbili tu, alizieleza taratibu kama anayemsomea mgonjwa dawa zake, njia ya kwanza ni gitaa la kushoto kamili, mkono wa kushoto unapiga, nyuzi nene zinakaa juu karibu na kidole gumba, nyembamba chini, kama kila mpiga gitaa duniani ila unamwona kwenye kioo, na njia ya pili ni nyuzi zipangwe za kawaida, za mtu wa mkono wa kulia, kisha yeye aligeuze gitaa kichwa chini miguu juu kama alivyozoea, nyembamba zije juu, nene ziende chini, "yaani kama ulivyonipigia pale," na hakusema ipi ni nzuri, hapo ndipo alipomtia kitanzini, angesema tu ipi ni nzuri Kinyume angemfuata bila neno.

Maana alimpigia, ndiyo, fundi hakukubali hata kugusa ubao kabla hajamsikia, alimtungulia gitaa moja ukutani akamwambia, "Nipigie chochote, hata kibaya," na Kinyume akalipokea, akaligeuza bila hata kufikiri, akapiga, huku akingoja kicheko, kwa sababu kicheko huwa kinakuja, watu humcheka kwanza halafu wakanyamaza, lakini fundi hakucheka, alizunguka akaenda kusimama nyuma ya bega lake, akainama, akatazama gumba likitembea kwenye nyuzi nyembamba zilizokuwa juu na vidole vingine vikichukua besi huko chini, akasema polepole kama anayejisemea, "Kumbe kwako gumba ndilo linaloimba"... gumba ndilo linaloimba, hebu ona, miaka yote alidhani gumba lake linaiba kazi ya vidole, na kwa kweli sifa kama hiyo hakuizoea, alizozizoea ni za mzaha, hata jina lenyewe Kinyume si la kuzaliwa, alilipata juu ya ngazi, kwa sababu mtu wa mkono wa kushoto akiandika kama wenzake anaburuta kiganja juu ya rangi mbichi na kufuta alichokiandika, kwa hiyo tangu ujana wake yeye huanza na herufi ya mwisho akarudi nyuma mpaka ya kwanza, na watu husimama chini ya ngazi wakikisia neno, wanabishana, wanawekeana dau la soda, na siku akikosea vipimo nafasi humwishia mwanzoni badala ya mwishoni, kama lile bango la muuza viatu ambalo herufi ya kwanza imejibana ukingoni kama mgeni aliyekuja sherehe imejaa, mwenye duka akafoka weee, kisha akaona watu wanasimama kulishangaa, na wakisimama wanaingia, na wakiingia wanajaribu viatu, akaacha kufoka na msimu uliofuata akaagiza bango lingine, "Lakini likosee kidogo," alisema, na Kinyume alicheka hadi akashuka ngazi... mambo hayo yalianza wapi, shuleni labda, dawati lenye kibao cha kuandikia upande wa kulia tu, mkasi usiokata mpaka uwe mkono wa kulia, mwalimu wa darasa la kwanza aliyekuwa akiitoa penseli mkono huu na kuiweka mkono ule kila asubuhi, bila hasira, kama mtu anayerudisha kuku bandani, samaki mkunje angali mbichi, alisema, na samaki alikunjika darasani akakunjuka nyumbani, lakini hakuwa na kinyongo naye, wala na mkasi, wala na dawati, dunia ilitengenezwa na wengi kwa ajili ya wengi, ukiwa mchache unajipinda kidogo na siku zinaenda, na yeye alijipinda vizuri tu, ameoa, amelea, amekula jasho lake, ana afya, ana ngazi mbili zake mwenyewe, lakini gitaa, gitaa ndilo jambo ambalo hakujipinda yeye, alilipinda lenyewe, na lilikuwa la kaka yake.

Simu ya fundi ikalia, akaibana kati ya sikio na bega bila kuachia brashi, "Ndiyo... hapana, vanishi haijakauka... ukiigusa leo kesho utaniletea tena," na Kinyume akamshukuru moyoni huyo mtu asiyemjua kwa kumpa nafasi ya kupumua, akatazama juu, matumbo ya magitaa yaliyoning'inizwa kwenye waya bila shingo, vibano vimepangwa ukutani toka vidogo mpaka vikubwa, unga wa mbao umetulia juu ya kila kitu hata juu ya nyusi za fundi, na jua limeingia dirishani limemfikia gotini, joto zuri, angeweza kusinzia hapa... kaka yake alikuwa akilitundika gitaa kwenye msumari nyuma ya mlango, akakataza jambo moja tu, moja, hakusema usiliguse, hakusema usilipige, alisema, "Nyuzi zangu usizibadilishe, mdogo wangu, ukizifungua zikakatika mjini hakuna nyingine," na Kinyume alikuwa mtoto mtiifu, hakuzibadilisha, wala hakuzilegeza, kaka akitoka kwenda kazini yeye alitungua gitaa, akajaribu kulishika kama alivyomwona kaka akilishika, mkono wa kulia ukawa mzito kama gogo, akajaribu tena, gogo, basi akaligeuza gitaa zima nyuzi zikiwa palepale, na alipoligeuza likakaa mwilini kama mtoto aliyenyamaza, na akajifunza hivyo, peke yake, kila kitu kutoka chini kwenda juu, kama bango, mpaka siku kaka aliporudi mapema akasimama nje akauliza, "Nani huyo anapiga humo ndani?" akadhani kuna mgeni, akaingia, akaona, akakaa chini sakafuni na viatu vyake vya kazi akacheka mpaka machozi, kisha akajifuta akasema, "Endelea," neno moja tu, endelea, na tangu siku ile gitaa likawa la wawili, kaka anapiga wimbo, anauachia katikati, analisukuma gitaa upande wa pili, Kinyume analigeuza anaendelea palepale, analirudisha, kaka analigeuza, hivyo hivyo, kugeuza na kugeuzwa, mke wa Kinyume alipokuja nyumbani akiwa bi harusi aliwatazama jioni ya kwanza akauliza, "Nyie mnapiga gitaa au mnakaanga samaki?"... na sasa gitaa lile limechoka, shingo imepinda, tumbo limevimba, fundi aliligeuzageuza kwa heshima kama daktari mbele ya ndugu za mgonjwa, akasema, "Hili mlitundike mlikumbuke, mzee wangu, kupiga halipigiki tena," na ndiyo sababu ya yote haya, ndiyo iliyomleta kwenye kigoda hiki.

Jana mezani walilijadili jambo lake kana kwamba ni posa, bintiye mkubwa alikuwepo, mwalimu wa muziki, mtoto mpole, anayefundisha watoto wa watu kwa subira asiyokuwa nayo baba yake, akasema, "Baba, madhali unatengenezewa lako mwenyewe, tengenezewa la sahihi, ukae kama wapigaji wengine, hukuwa na kosa, ulikosa tu gitaa la mkono wako," na alisema kwa upendo, kila mtu aliona, maneno ya maana, ukosefu si kosa, Kinyume aliitikia kwa kichwa, na mkewe akadakia huku anapakua, "Ama kweli, mtu atoke hapa aende kwa fundi mzima, atoe oda maalumu atengenezewe kosa lilelile?" na nyumba nzima ikacheka, yeye mwenyewe akicheka kuliko wote, kwa sababu ilikuwa kweli, ukitaka nyuzi zilizopangwa kama za watu wa kulia si uende dukani tu, yamejaa, yamening'inia kama ndizi, na kaka yake pale kwenye kona yake, siku hizi anakaa kwao, chumba cha uani, tangu alipofiwa na mkewe, kaka naye alisema kitu, alisema nini, Kinyume alikuwa ameshaondoka mezani, alikuwa kwenye sinki anaosha brashi zake, maji yanamwagika, tarpentaini inamuunguza mkwaruzo kidoleni, akasikia mwisho tu, "...vya kutosha," akajibu, "Eeh, kweli kabisa, kaka," kama watu wanavyojibu kitu wasichokisikia, na wakaendelea na mengine, kazi ya kesho, mbwa wa jirani... basi wote walikubaliana, hakuna aliyepinga, la kushoto, la sahihi, kipya kinyemi ingawa kidonda, mbona basi hasemi, si aseme tu, fundi apake gundi yake watu waende makwao.

Akajaribu kulisikia mwilini kwanza, kabla ya kulisema, aliuweka mkono wa kushoto juu ya paja akajifanya gitaa lipo, nyuzi nene juu, haya, gumba, wewe sasa ni wa besi, unapiga mdundo, hauimbi tena, na nyie vidole njooni huku muimbe, na vidole vikamtazama kama wafanyakazi walioambiwa wahame ofisi, gumba likaenda lilikozoea, akalirudisha, likaenda tena, mzoea punda hapandi farasi, atakaa barazani na uzee wake akijifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza, na nani atamwekea penseli mkono ule, yeye mwenyewe safari hii, kila asubuhi, na hilo lilimchekesha halafu likamuuma kidogo... lakini angeweza, asijidanganye, mkono ule umejifunza kuandika kinyumenyume juu ya ngazi penye upepo, utashindwa na nyuzi sita, angeweza, mwaka, mwaka na nusu, halafu angepiga kama watu, angekaa kwenye kwaya ya bintiye mbele za watu na hakuna ambaye angegeuza shingo kumtazama, na ndiyo alichokitaka, sivyo, siku moja tu aonekane wa kawaida, na alipojiona amekaa pale, nadhifu, gitaa limeelekea upande unaotakiwa, gumba linapiga mdundo kwa wakati wake, akamtazama yule mtu vizuri, akamwona ni mtu mzuri, mwenye adabu, ila hakumjua... maana besi yake huwa inachelewa, ndiyo, kwa kuwa vidole viko chini na gumba linatangulia na wimbo, besi inakuja nyuma kidogo kama mtu aliyesahau funguo akarudi kuzichukua, na mkewe akiwa jikoni anamjua kwa hiyo, akisikia besi inavuta miguu anapaza sauti, "Leo kazi ilikuwa mbaya?" na akiisikia inarukaruka anajua kuna jambo, hajui jambo gani lakini anakuja na kitambaa mabegani kulisikiliza, maisha yao yote wamezungumza kwa besi iliyochelewa, na akipiga sahihi, mkewe atamjuaje, atalazimika kuuliza, na yeye atalazimika kueleza, na kueleza hakukuweza tangu zamani.

Fundi bado alikuwa na simu, amehamishia uzito mguu mwingine, "...ndiyo mama, najua ni ya harusi," na kwa ncha ya brashi akawa anamwonyesha Kinyume ishara kwamba anamalizia, samahani, na Kinyume akamjibu kwa mkono, ongea, ongea, na akakumbuka alichomwambia alipouliza lile la duka, maana aliuliza, kuuliza si ujinga, "Fundi, nikibaki na njia yangu, si ni gitaa la kawaida tu, nimekuja kwako kufanya nini?" na fundi hakukasirika, akalitwaa gitaa lile lile la majaribio, akaligeuza kama anavyoligeuza yeye, akamwonyesha ubavuni mwa shingo, vile vidoti vyeupe vya kumwonyesha mpigaji vidole viende wapi, "Viko wapi sasa?" vilikuwa vinatazama sakafu, bila shaka, vimechongwa upande anaouona mtu wa mkono wa kulia, ukigeuza gitaa vinamtazama paka, na Kinyume akashangaa kwa sababu hakuwahi kujua kazi yake, alidhani ni mapambo, amepiga maisha yake yote kwa kupapasa kama mtu anayetafuta kiberiti umeme umekatika, na fundi akasema vidoti vitahamia upande wako, na shingo nitaichonga nikiwa nimeshika kiganja chako hiki, kwa sababu gumba lako linapita juu kuliko la wengine, na hapa ubavuni nitatoboa tundu dogo sauti ikupande sikioni, hilo dukani hawana, hawajui hata kama upo... hawajui hata kama upo, na yeye akajikuta anatabasamu kama mjinga, hapohapo, na sasa tena.

"Haya basi, mama, inatosha, inatosha, usiongeze," fundi akamwambia mtu wa simu, na inatosha hiyo ikapita chumbani kati ya vibano na unga wa mbao, ikamgonga Kinyume mahali, na maji ya sinki yakakatika kichwani mwake, na sauti ya kaka yake ikaja nzima kutoka kwenye kona, taratibu, na kijiko kikigonga sahani, kama ilivyosemwa jana wakati yeye anasugua brashi, "Chukua la kushoto, mdogo wangu, mimi nimeshapiga vya kutosha"... nimeshapiga vya kutosha, akalisikia sasa, akalisikia kweli, na joto likampanda kifuani, kwa sababu mwenzake ndiye aliyefikiri mpaka mwisho, katika meza nzima yenye mwalimu wa muziki na mwenye gitaa mwenyewe, kaka peke yake alijua kwamba gitaa la kushoto kamili likigeuzwa halimrudii mtu wa mkono wa kulia, nyuzi zinamjia juu chini, hawezi kupiga hata salamu, kwamba siku fundi atakapobandika ufito ule upande ule, kusukumiana gitaa barazani kumekwisha, wimbo ukiachwa katikati utabaki katikati, na alijua, akalimeza na chakula, akalitoa kama mtu anayesogeza kiti mwenzake akae, bila kunung'unika, akaaga kupiga gitaa kati ya vijiko viwili vya chakula, na mdogo wake akamjibu eeh, kweli kabisa, kaka... eeh kweli kabisa, we mwanaume wewe, ungeosha hizo brashi baadaye kwani zingekimbia, na macho yakamwasha, akayasingizia unga wa mbao, akayafikicha, na fundi akamwona akasema, "Pole mzee wangu, vumbi hili," akajibu, "Si kitu, fundi," na kweli haikuwa kitu cha kulilia, kwa sababu kilichoagwa jana hakijaondoka, gundi bado iko kwenye sufuria, ufito bado uko mezani, hakuna kilichobandikwa, na kaka yake saa hizi yuko barazani anaota jua na fimbo yake, vidole vyake vizima, vigumu kidogo asubuhi, vikipata joto vinakwenda kama vya kijana... na si sadaka, Kinyume akajiambia haraka, asije akaanza kujiona mtu mwema, si kwamba anajinyima kwa ajili ya kaka, la, anataka, hiyo ndiyo raha yake, anataka gumba lake liimbe na besi ichelewe na mkewe aje na kitambaa mabegani, anataka kuukatiza wimbo katikati akijua kuna mtu wa kuumalizia, alichokiita kosa ni namna ndugu wawili walivyoweza kukaa na gitaa moja, mtu anaomba asamehewe jambo ambalo ndilo lililomlisha... na vidoti, akili ikaanza kukimbia sasa, vidoti visihamie upande wake, viwekwe pande zote mbili, huku na huku, kila mtu akishika aone vyake, na tundu la sikioni liwe moja tu, lake, kaka hahitaji, sikio lake la upande huo lilishastaafu, watagombana kuhusu hilo tangu siku ya kwanza na itakuwa ugomvi mzuri, na bintiye atasema baba, jamani, baba, na atatikisa kichwa kama mama yake, na siku ya tatu atakuja na simu yake arekodi, anamjua.

Fundi akaweka simu mezani, akakoroga gundi mara mbili, akainua brashi tone likadondoka, akachukua tena ufito akausimamisha juu ya ubao mweupe, hajaugusisha, kivuli chake tu kimegusa, na uso wake umeelekea kwake, umetulia, hauna haraka wala hauna jibu, "Haya, mzee wangu, nilikuuliza, nyuzi nene zikae upande gani?" na Kinyume akafumbua mdomo, jibu lilikuwa tayari, jepesi, lingetoka lenyewe, na hapo akaona kitu ambacho kilikuwa mbele yake muda wote, kwamba mtu huyu, mwenye kazi zake, mwenye gundi inayopoa na harusi ya watu inayomngoja, amesimamisha mikono yote miwili hewani kwa ajili ya kumuuliza yeye, mkasi haukumuuliza, dawati halikumuuliza, mwalimu alikuwa na upole wote lakini hakumuuliza, vitasa, vifungua makopo, vidoti, vyote alivikuta vimeshaamuliwa akajipinda navyo akaona ni kawaida, na hapa kuna ubao ambao hautafanya lolote mpaka yeye aseme... "Gundi inapoa," fundi akasema, bila kulaumu, "lakini nitaipasha tena, usijali," na Kinyume akajiona amekaa vizuri sana kwenye kile kigoda, jua limempanda mpaka pajani, jibu liko palepale ulimini haliendi kokote, akalifumbia mdomo kwa furaha, akainamisha kichwa kama mtu ambaye bado anafikiri, kwa sababu alitaka aulizwe mara moja zaidi.